Askofu Aliyetoka Mapema

Ubao wenyewe ulikuwa wa drafti: kipande cha plaiwudi, miraba 64 iliyopakwa rangi kwa mkono, pembe moja imeliwa na mvua. Katoro, mkoani Geita, ubao kama huo hukosi kuuona penye kivuli na watu wanaosubiri: wanaosubiri gari, wanaosubiri zamu kwenye karasha, wanaosubiri mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, apige simu. Siku ile, hata hivyo, drafti ilikuwa imesimama. Kijana mmoja wa machimboni alikuwa ameviandika vizibo herufi kwa makapeni: M ya mfalme, L ya malkia, N ya ngome, A ya askofu, F ya farasi. Vilivyobaki vitupu ndio askari. Vizibo vya soda vilikuwa jeshi jeupe, vya bia jeshi jeusi.

“Mzee, sataranji unaijua?”

“Kidogo.”

Kidogo hicho ndicho kilichoniponza. Alinifunga mara tatu kabla muuza kahawa hajaturudia. Kufungwa nimezoea. Kilichonikera ni kwamba mara zote tatu alianza vilevile, kama fundi anayepanga matofali, bila hata kutazama mimi nimecheza nini. Askari wa mbele ya malkia hatua mbili. Askofu wa upande wa malkia nje. Kisha askari wengine wawili wakapanda kumshika mkono yule wa kwanza, farasi akatoka, mfalme akajificha pembeni. Ndipo akainua kichwa na kuanza kunishambulia.

“Umejifunzia wapi mambo haya?”

“Kwenye simu, mzee. Hii inaitwa Londoni.”

Mtu wa Shinyanga akisikia jina hilo ana haki ya kukunja uso. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, karati 54.5, ilikwenda huko huko: John Williamson, Mkanada mwenye mgodi, aliitoa iwe zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth, ikachongwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Sasa hata vizibo vya Katoro vinapangwa Kilondoni? Nikaondoka na deni la mechi tatu, na hamu ya kujua jina hilo lilitoka wapi.

Kwanza mchezo wenyewe. Neno sataranji tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, ambao mchezo ulikuwa umewafikia kutoka India. Lakini majina ya kete hatukuyachukua huko. Kwa Waarabu, kete tunayoiita askofu ni fil, yaani tembo, na pale anaposimama malkia alisimama waziri wa mfalme. Wazungu ndio waliomvua tembo mkonga wakamvika kofia ya kanisa, wakamgeuza waziri kuwa mwanamke mwenye nguvu kuliko wote. Sisi tukabaki na jina la mchezo la Kiarabu na kete za Kizungu. Wanaocheza Katoro hilo haliwasumbui.

Miraba hutajwa kwa herufi na tarakimu. Safu za wima ni a hadi h, kuanzia kushoto kwa mweupe; mistari ya kulala ni 1 hadi 8, kuanzia upande wake. Askari wa malkia mweupe husimama d2, na akiruka hatua mbili anatua d4. Hapo ndipo unapozaliwa ukoo mzima wa funguzi. Maarufu kuliko zote ni ile ya kumtoa sadaka askari wa c kwa kumsukuma c4, ambayo jina lake lilipewa hata tamthilia ya televisheni mwaka 2020. Londoni ni nduguye mkimya. Haitoi sadaka yoyote. Inamtoa askofu wa c1 hadi f4, halafu inajenga.

Wa kwanza kuifanya mazoea, miongoni mwa wanaokumbukwa, ni James Mason, mzaliwa wa Ireland aliyekulia Marekani na kuhamia Uingereza kuishi kwa sataranji na kalamu. Katika miaka ya 1880 alikuwa akisukuma askari wa d na papo hapo, hatua ya pili tu, anamtoa askofu. Alikuwamo kwenye mashindano makubwa ya London ya 1883, yale yaliyoleta saa za kupimia muda wa kila mchezaji, mshindi akiwa Johannes Zukertort. Mwaka uliofuata wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin kuwekeana kanuni za kuigawana Afrika. Mtindo wa Mason haukumsumbua mtu. Wakati ule ushujaa ulikuwa kushambulia, na askofu wa f4 alionekana kama mtu aliyetoka nje kuangalia hali ya hewa.

Mwaka uliozaa jina ni 1922, na hapa naomba msomaji wa Kanda ya Ziwa atulie kidogo. Julai mwaka huo Baraza la Shirikisho la Mataifa lilikutana London, katika kasri la St James's. Tarehe 20 Julai hati ya kuikabidhi Tanganyika kwa Waingereza ilitiwa muhuri, na mwisho wake imeandikwa kwamba imefanyika London. Wajerumani walikuwa wameondolewa Mwanza tangu 1916. Gavana Horace Byatt alikuwa tayari Dar es Salaam. Kilichobaki kilikuwa karatasi. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 31 Julai, mwendo mfupi tu kutoka kasri hilo ukivuka bustani, mabingwa 16 wa sataranji walikaa vitini ndani ya Central Hall, Westminster. Waliotia muhuri na waliocheza hawakuwa na habari ya wenzao. Ila mimi, kila nikiona askofu akitua f4, siwezi tena kuzitenganisha wiki hizo mbili.

Kiongozi wa ukumbi alikuwa José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia tangu 1921. Alicheza michezo 15, akashinda 11, akatoka sare 4, hakufungwa hata mmoja. Aliyemfuata ni Alexander Alekhine, Mrusi aliyekuwa ameihama nchi yake mwaka uliotangulia. Walikuwapo pia Milan Vidmar, Akiba Rubinstein, Richard Réti, na kijana Mholanzi wa miaka 21 aitwaye Max Euwe.

Katika mashindano hayo hayo Capablanca aliweka masharti ya ubingwa, na wakubwa wenzake wakayatia sahihi. Anayetaka kumpinga bingwa alete dola 10,000. Tuzipime kwa mizani inayoeleweka Geita. Dhahabu wakati ule iliuzwa dola 20.67 kwa wakia. Kwa hiyo mpinzani alitakiwa awe na thamani ya wakia 484 hivi, karibu kilo 15 za dhahabu, kabla hajagusa kete. Alekhine alihangaika miaka mitano kuzipata. Zilipopatikana, kwa msaada wa Waargentina, akamvua Capablanca taji mjini Buenos Aires mwaka 1927. Mchimbaji yeyote anayemjua mtu mwenye mwamba mzuri lakini hana mtaji wa kushusha duara atamwonea Alekhine huruma.

Turudi ukumbini. Kwa nini watu walimkumbuka askofu wa Mason mwaka ule, hata mtindo wake ukapewa jina la mji? Kwa sababu kulikuwa na kizazi kipya, Réti akiwa mmoja wao, ambacho kilikataa kukaa katikati ya ubao kwa askari kama wazee walivyofundisha. Kwa weusi walitoa farasi kwanza, wakamficha askofu wao pembeni, g7, wakamwachia mweupe uwanja ili waje waubomoe. Mweupe aliyetaka kujenga kwa pupa alikuwa akijichimbia mwenyewe. Londoni likawa jibu la mtu mzima: sijengi zaidi ya ninavyoweza kulinda.

Mchezo wa Alekhine dhidi ya Euwe ndio wa kuuangalia kwa karibu. Alekhine akasukuma d4, akatoa farasi, akamweka askofu f4. Euwe akacheza kama kizazi kile kipya: askofu g7, askari c5, mfalme akajificha. Hatua ya tisa Euwe aliona nafasi, akamsukuma askari wake hadi e5 kumfukuza yule askofu. Kwa macho ni hatua safi. Askari wakalana, farasi mweusi akaruka e5, na Alekhine, badala ya kumkimbiza askofu wake kipenzi, akamtoa amle farasi huyo. Mweusi akarudisha kwa askari. Sasa tazama kilichotokea: askari wa Euwe amesimama e5, na nyuma yake, kwenye mshazari uleule, yupo askofu wake wa g7 akitazama mgongo wa askari wake mwenyewe. Hana pa kutokea. Alekhine akabadilisha malkia, akamsimamisha farasi e4 mahali ambapo hakuna askari wa kumfukuza, akamleta mfalme wake taratibu. Mwenye farasi alikuwa na mtu mmoja zaidi kazini, na Euwe akafungwa. Miaka 13 baadaye Euwe huyohuyo alimnyang'anya Alekhine ubingwa wa dunia, kwa hiyo somo halikupotea.

Sasa maelezo ya ujenzi, na sina mfano bora kuliko wa machimboni. Duara halishushwi mita kumi kwenye udongo laini bila matimba. Fundi anatanguliza magogo, anayakaza, ndipo mchimbaji anateremka. Askari wa c3, d4 na e3 ndio matimba ya Londoni: piramidi ndogo, c na e wakimshikilia d kushoto na kulia. Lakini askari wa e3 akishakaa, anaziba njia ya askofu wa c1. Ukichelewa kumtoa, umemfungia ndani ya shimo. Siri ya mfumo mzima ni mpangilio huo: askofu nje kwanza, mlango ufungwe baadaye. Kisha farasi f3 na d2, askofu wa pili d3, askari wa h apande h3 ili askofu wa f4 akifukuzwa apate tundu la kukimbilia h2.

Aliyekulia kwenye bao hatashangaa kwamba mpangilio mmoja unaweza kubeba maisha ya mchezaji. Bao la Kiswahili nalo lina 64 yake, ila hizo ni kete: kila upande huanza na 10 ubaoni, 6 zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi za kunamua. Wote wanaanza sawa. Aliye fundi anajulikana kwa saa anayoamua kuivunja nyumba yake, na Londoni nalo lina saa hiyo. Kijana wangu wa Katoro aliijua: farasi wake alitua e5, malkia akaja upande wa mfalme wangu, na matimba hayakuhitaji tena ulinzi.

Baada ya 1922 mfumo huu ulizeeka vibaya. Mabingwa waliusogeza kando, vitabu vikaupa kurasa chache, na kwenye klabu ukaitwa mchezo wa wastaafu, wa mtu asiyetaka kusoma. Nami nilikuwa na dharau hiyohiyo. Wapo waliobaki nao: Vlatko Kovačević wa Kroatia aliucheza miaka na miaka, na mwaka 2005 yeye na Mnorwe Sverre Johnsen wakautolea kitabu kizima. Gata Kamsky wa Marekani akaufanya silaha ya kila siku. Kisha Januari 2016, Wijk aan Zee, Uholanzi, bingwa wa dunia Magnus Carlsen akautumia kumfunga Evgeny Tomashevsky, na mtindo ukafufuka. Hoja yake ilikuwa rahisi. Kompyuta zilishasoma funguzi zote hadi hatua ya ishirini na zaidi. Mweupe anayetaka mchezo, badala ya mtihani wa kukariri, aende mahali tulivu ambako kila mmoja atafikiri kwa kichwa chake.

Kilele kilikuja Astana, Aprili 2023, kwenye mechi ya ubingwa wa dunia kati ya Ding Liren wa China na Ian Nepomniachtchi wa Urusi. Mchezo wa sita Ding, akiwa nyuma kwa pointi moja, alimweka askofu f4. Nepomniachtchi alifuata dawa inayofundishwa: askari c5 mapema, akabadilishana katikati, akamtoa askofu wake mwenyewe f5 kabla hajafunga mlango, yaani alimwibia mweupe siri yake. Hata hivyo alikubali kushindwa baada ya hatua 44, mfalme wake akiwa amezingirwa. Mechi iliisha 7 kwa 7, na tarehe 30 Aprili Ding akashinda kwenye michezo ya kasi, akawa mwanamume wa kwanza wa China kuwa bingwa wa dunia.

Mchezo wa wastaafu, naam.

Njia iliyoufikisha Geita ni simu. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, haitozi kitu wala haina matangazo. Ukiwa na bando dogo unacheza na mtu wa Manila usiku kucha. Jirani zetu wa Uganda walianza kabla ya simu hizi, kwa ubao na mtu: Robert Katende aliwakusanya watoto wa Katwe, Kampala, na mmoja wao, Phiona Mutesi, akaiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiadi ya sataranji, hadi filamu ikatoka mwaka 2016. Londoni linamfaa anayejifunza peke yake. Hatua nane za kwanza zinaingia kichwani kwa jioni moja. Ndiyo sababu linaenea, na ndiyo sababu linafungika. Aliyejifunza kwa kukariri mpangilio hajui kila gogo linashikilia nini.

Nilikaa wiki mbili na suala hilo. Dawa ziko kadhaa. Unaweza kumkabili askofu wa f4 kwa askofu wako d6 na kumlazimisha abadilishane. Ila akirudi g3 usiwe na haraka ya kumla, maana askari wa h akishamla wako, ngome ya mweupe inapata barabara nzima ya kukujia. Unaweza kumkimbiza kwa farasi h5 kabla h3 haijachezwa. Unaweza kufanya alivyofanya Euwe, lakini ukumbuke askofu wake wa g7 kabla hujagusa e5. Dawa ninayoipenda ni ile inayouliza swali moja la kienyeji: huyu askofu alipokuwa nyumbani, alikuwa akilinda nini? Alikuwa akilinda b2. Ametoka mapema, na askari wa b2 amebaki peke yake.

Nilirudi Katoro siku ya mnada. Kijana alikuwa palepale, vizibo vilevile, herufi ya farasi mmoja imefutika akaiandika upya. Akasukuma d4, nami d5. Askofu f4. Nikasukuma c5 papo hapo. Akaweka e3, nikatoa farasi c6. Akaweka c3, nikampeleka malkia b6, macho yake yakiwa b2. Kwa mara ya kwanza aliacha kupanga matofali akanitazama usoni.

Akajibu inavyopasa, malkia b3, ili tubadilishane. Nikasukuma c4 kumfukuza. Akarudi c2. Hapo ndipo nilipokuwa nimemtegea: nikamweka askofu wangu f5, mbele ya malkia wake, hana mlinzi hata mmoja. Bure kabisa. Akimla, malkia wangu anakula b2, na ngome yake ya a1 inabaki haina pa kukimbilia: mbele yake kuna askari wake, ubavuni kuna farasi wake ambaye hajatoka nyumbani. Waliokuwa wamesimama nyuma walianza kelele. “Kula, kula, umepewa!” Wachezaji wa drafti hao, kwao kula ni lazima.

Kijana alishika kizibo cha malkia, akakiinua, akakiacha hewani kwa muda mrefu kuliko sheria zinavyoruhusu. Kisha akakirudisha c1.

“Mzee, na wewe umenunua bando.”

Tulicheza hadi jua likaingia nyuma ya mabati, kila mmoja amebaki na ngome moja na askari watatu, hakuna wa kumsogeza mwenzake. Wenye ubao wakadai ubao wao. Tukakubaliana sare, akavipindua vizibo herufi zikalala chini, na drafti ikaendelea.